Logi haionyeshi

"Logi haionyeshi." Juzi kijana mmoja wa timu yetu alimwambia hivyo binti anayekaa mkabala naye. Hakusema kwa ukali. Alisema huku ameshageukia kioo chake, kama mtu aliyemaliza shauri. Binti alikuwa anasisitiza kwamba marekebisho ya programu aliyafanya; kijana alikuwa ametazama logi, yaani orodha ya mabadiliko ambayo Git, chombo chetu cha kutunza historia ya kazi, huyaweka kwa jina na tarehe. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, na mikono ikaniganda juu ya kibodi, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, vilevile yalivyo, mbele ya watu tisa.

Wakati ule bado tulikuwa kwenye mradi wa ankara. Programu ilitakiwa ihesabu tarehe ya ankara inayofuata kwa kuongeza mwezi mmoja. Sasa chukua 31 Januari, ongeza mwezi: unapata 31 Februari, siku ambayo haipo. Programu isiyoandaliwa kwa hilo husogeza mbele siku zilizozidi na kutua 3 Machi, kama mwaka si mrefu. Februari nzima inarukwa. Hitilafu ya namna hii hulala miezi bila kumsumbua mtu, halafu siku moja mwishoni mwa Januari inaamka, na simu zote zinalia kwa pamoja.

Siku hiyo zililia. Tukaitana chumbani. Dada aliyeshika sehemu ile ya kazi alishangaa kuliko sisi sote.

"Lakini hii niliirekebisha, kaka. Oktoba. Siku ikizidi, inarudishwa kwenye siku ya mwisho ya mwezi. Ilitoka na toleo la Novemba."

Nikafungua git log ya faili la hesabu ya tarehe na kuiweka ukutani kwa projekta. Septemba, jina langu. Novemba, jina langu mara tatu. Oktoba hapakuwa na kitu. Nikaendesha git blame, inayotaja nani aliugusa kila mstari mara ya mwisho: mstari wa hesabu ulikuwa wa mtu aliyetuacha zamani, haujaguswa tangu auandike.

"Historia haidanganyi, dada," nikamwambia. "Logi haionyeshi."

Hakubisha tena. Aliutazama ukuta kwa muda, akaniuliza kama nina hakika ni hazina ileile ya programu yetu, nikamjibu ndiyo, basi. Akapewa kazi ya kuandika marekebisho, akayaandika mchana uleule, kwa mara ya pili.

Jioni nilibaki kuandaa taarifa ya tukio. Palikuwa na sehemu ya kujaza: hitilafu iliingia lini? Nilitaka kuthibitisha kwamba haikuwahi kutoka, kisha nifunge mjadala. Nikatumia git bisect. Kwa ambao hamjaitumia: unaitajia Git komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja mbovu na moja nzuri, nayo inakupeleka katikati, unapima, unajibu, inakata tena nusu, hadi inasimama kwenye komiti iliyoleta kosa. Komiti 1,000 zinahitaji vipimo kama 10 tu. Kipimo changu kilikuwa kifupi: ipe programu 31 Januari, iulize mwezi ujao ni lini.

Kwa upande mbovu nilitaja komiti ya mapema Desemba ya tawi langu mwenyewe, yaani nakala niliyokuwa naifanyia kazi kando ya tawi kuu la timu, maana nilikuwa nimehakikisha kwamba hapo jibu ni 3 Machi. Kwa upande mzuri nilitaja lebo ya toleo la Novemba. Hiyo sikuipima. Niliiandika kuwa nzuri kwa sababu dada alisema ni nzuri, nikiamini kwamba Git itamkanusha badala yangu.

Git haikunipeleka katikati. Iliniambia kwamba kwanza lazima kipimwe chimbuko la pamoja, yaani ile komiti ambapo tawi langu na tawi kuu ziliachana, Septemba. Nikapima: 3 Machi. Nikajibu kwamba ni mbovu.

Jibu lililofuata nililisoma mara ya kwanza bila kulielewa. Lilisema chimbuko la pamoja ni bovu, na kwamba maana yake hitilafu ilirekebishwa kati ya hapo na komiti niliyoitaja kuwa nzuri.

Ilirekebishwa. Chumba kizima kilikuwa kimya, na neno lile limekaa pale mwisho wa mstari. Nikajitetea kwanza. Nikajiambia kwamba Git imetegemea neno la dada, mimi ndiye niliyeandika kwamba Novemba ni nzuri, bila hilo isingesema hivi. Kweli kabisa. Basi nikaenda kwenye ile lebo ya Novemba, nikaendesha kipimo ambacho nilipaswa kukiendesha asubuhi, kabla sijafungua kinywa. Kilichukua sekunde moja.

28 Februari.

Nikaendesha tena. 28 Februari. Nakumbuka niliweka kidole kwenye kioo, juu ya namba yenyewe, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Niliomba logi ya faili lile upya, safari hii kwa --full-history, inayoiambia Git isifupishe historia, na komiti ya dada ikatokea: Oktoba, jina lake, mistari minne, na ujumbe ulioeleza vizuri kuliko wowote niliowahi kuandika mimi kwa nini 31 Januari ni hatari. Nikafuata mistari ya grafu kutoka pale hadi komiti ya Desemba ambapo nililiunganisha tawi kuu na tawi langu. Nikailinganisha na mzazi wake wa pili, yaani tawi kuu lilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Mistari minne ya dada ilikuwapo, yote ikiwa na alama ya kutoa.

Hapo nikaikumbuka ile jioni ya Desemba. Migongano, yaani mahali ambapo matawi mawili yamebadilisha mistari ileile, ilikuwa kwenye mafaili 14. Faili la tarehe nilikuwa nimelipanga upya kwenye tawi langu, sikuwa na hamu ya kusoma kilichoandikwa upande wa pili, nikaandika git checkout --ours, nikachukua upande wangu mzima, nikaenda faili linalofuata. Ujumbe wa komiti niliuacha uleule ambao Git huuandika yenyewe. Hata ukiifungua komiti ile kwa git show, faili lile halitajwi, kwa kuwa muunganisho huonyeshwa kwa yale tu yanayotofautiana na wazazi wote wawili. Langu lilifanana na mzazi mmoja kwa kila herufi.

Na logi? Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Git haikuharibika. Ukiiomba historia ya faili moja, inakupa historia fupi kabisa inayotosha kueleza jinsi faili lilivyofikia hali yake ya sasa. Ikifika kwenye muunganisho na kukuta faili linafanana na mzazi mmoja, inamfuata huyo na kumwacha mwingine pamoja na kila kilichofanyika upande wake. Imeandikwa hivyo wazi kwenye maelezo yake. Ina sababu pia: Linus Torvalds alipoianza Aprili 2005 alikuwa na Linux mikononi, kazi inayotoka kwa watu wengi kila pembe na kuunganishwa usiku na mchana, na mtu asingeweza kusoma chochote kama kila tawi lililokufa lingeletwa mbele yake. Mimi niliuliza, "Faili hili limekuwaje hivi?" Nikajibiwa sawasawa. Swali la dada lilikuwa lingine: "Nini kilitokea?" Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa imefutwa, haikuwa sehemu ya maelezo ya hali ya sasa. Niliyeifuta ndiye niliyebaki na jina kwenye ukurasa.

Kesho yake asubuhi niliomba chumba kilekile. Nikaweka ukutani lebo ya Novemba na kipimo, kisha komiti yake, kisha yangu. Nikasema nimekosea, na nimekosea mara mbili: Desemba, na jana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Yeye alisema tu, taratibu:

"Afadhali. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliota."

Neno hilo ndilo nililobeba. Usiku mzima mtu mwenye akili timamu alikuwa anaitilia shaka kumbukumbu yake kwa sababu nilimwonyesha ukuta.

Katika wale tisa, wawili hawakuwapo asubuhi hiyo. Niliwaandikia wote. Mmoja hakujibu, baadaye akahama, na mpaka leo sijui amebaki na picha gani ya dada yule.

Mnaijua tabia yangu ya kusoma migongano mstari kwa mstari hata watu wanilalamikie kwamba nawachelewesha. Imetoka huko. Nimeweka pia mpangilio wa Git uitwao merge.conflictStyle uwe diff3 kwenye kila kompyuta ninayoigusa, ili katikati ya pande mbili zinazogombana nione maandishi yalivyokuwa kabla hazijaachana. Bila hayo unaona watu wawili wanabishana na hujui nani amebadilisha nini. Je, ingenizuia jioni ile? Sina hakika. Hakuna mpangilio unaomlazimisha mtu kusoma asichotaka kusoma.

Basi juzi niliinuka, nikaenda hadi kwenye meza ya yule kijana. Nikamwomba aongeze --full-history. Moyo unanidunda, nikisubiri jina la binti litokee.

Halikutokea. Logi ilikuwa ileile, haikuongezeka hata mstari mmoja. Kijana akanitazama kwa heshima, akingoja nikubali. Binti alikuwa ameshainamisha kichwa, na uso ule niliufahamu.

"Fungua mashine yako wewe," nikamwambia binti. "git status."

Akaandika. Tawi lake lilikuwa mbele ya origin/main, yaani tawi kuu la kwenye seva, kwa komiti 1. Alikuwa amekomiti na hajapushi. Kazi ilikaa kwenye kompyuta yake, nzima, haijafika kwenye seva ambayo sisi wote tulikuwa tunaiuliza.

Kijana alizunguka meza, akainama karibu na kioo chake. Akasoma ujumbe wa komiti polepole, akasoma tarehe, akasoma saa.

"Ijumaa," akasema. "Ni kweli, ulisema Ijumaa."