Uzoefu wangu: chemba ya ukungu na ubishi wa nguvu nne

Ubishi kuhusu chembe na nguvu nne za msingi (graviti, yaani mvutano; sumakuumeme; na nguvu mbili za nyuklia, kali na dhaifu) hauishi kwa sababu wengi wetu tunabishania michoro ya vitabuni. Chemba ya ukungu, chombo ambamo chembe zisizoonekana huacha nyuzi za ukungu zinapopita, inauleta ubishi huo mezani. Yangu inatumia barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Nitaeleza ninavyoiunda, halafu nitasema ni hoja zipi inamaliza na zipi haiwezi.

Chombo ni tangi la kioo la kufugia samaki, sentimita 30 kwa 20, kimo 20, ninalolipindua mdomo chini. Akriliki usiitumie: alkoholi huitia nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na baada ya mara mbili tatu huoni kitu. Kwenye kitako cha tangi, ambacho sasa ni dari, nabana ukanda wa felti nene kwa sumaku, moja ndani, moja nje. Gundi nyingi hulegea kwenye mvuke wa alkoholi, felti ikakudondokea katikati ya kazi. Chini ni bamba la alumini la milimita 3, limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na pale linapokutana na mdomo wa tangi naziba kwa plastisini pande zote nne. Bamba linalala juu ya kilo 3 za barafu kavu, ndani ya boksi jeupe jepesi lile la kusafirishia samaki. Barafu iponde iwe tambarare. Mabonge hugusa bamba sehemu chache, na pasipoguswa hapapoi vya kutosha.

Alkoholi ni isopropili ya asilimia 99, mililita 30 hadi 40, felti ilowe bila kudondosha. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Unapata theluji juu ya bamba badala ya nyuzi za ukungu.

Tahadhari ni chache lakini hazina mjadala. Barafu kavu iko nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa hiyo vaa glavu nene. Kilo moja yake hutoa zaidi ya lita 500 za kaboni dayoksaidi, gesi nzito inayotuama chini: fungua madirisha, na kamwe usiifungie kwenye chupa. Alkoholi inashika moto, basi mshumaa na jiko vikae mbali.

Mvuke unashuka kutoka kwenye felti yenye joto la chumba hadi kwenye bamba la baridi kali. Kwenye tabaka la sentimita moja hivi juu ya bamba, hewa inashiba mvuke kupita kiasi, inangoja kitu cha kuushikiza. Chembe yenye chaji ikipita hung'oa elektroni kwenye atomu za hewa, na ioni zinazobaki ndizo matone huota juu yake. Tochi iwe kali, imulike kutoka ubavuni, sambamba na bamba. Ukimulika kutoka juu utaona mng'ao tu. Dakika 5 za kwanza ni mvua ya matone, usikate tamaa. Nyuzi huanza kati ya dakika ya 10 na ya 15. Zisipotokea, tafuta kwanza upenyo kwenye plastisini, kisha weka chupa ya maji ya moto juu ya tangi ili mvuke uongezeke. Ukungu ukitiririka upande mmoja, meza haiko sawa. Nyuzi zikififia baada ya muda, ioni kuukuu zimejazana: sugua rula ya plastiki kwa sufu uipitishe juu ya kioo, hewa husafika.

Sasa kusoma. Uzi mfupi mnene ulionyooka, wa sentimita chache, ni chembe ya alfa. Mwembamba unaopindapinda ni elektroni ya nishati ndogo. Mrefu, mwembamba, ulionyooka, watu hupiga kelele "myuoni!" (chembe kama elektroni ila nzito zaidi, itokayo angani), na mimi hupunguza kelele hizo. Myuoni hushuka kama 1 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, kwa hiyo bamba langu la sentimita za mraba 600 linapigwa na kama 10 kila sekunde. Ila nyingi zinatoka juu, zinalikata lile tabaka la sentimita moja na kuacha alama fupi isiyovutia. Ule uzi mrefu uliolala unaweza kuwa myuoni iliyokuja kwa mshazari, na unaweza pia kuwa elektroni ya nishati kubwa. Kwa macho tu huapi.

Kuna anayeleta sumaku ya spika ili "aipinde myuoni". Piga hesabu kwanza. Nusu kipenyo cha mpindo kwa mita ni momenta ya chembe kwa GeV (kipimo cha nishati ya chembe) ukigawanya kwa 0.3 mara tesla (kipimo cha ukali wa sumaku). Kwa myuoni ya GeV 4 na sumaku ya tesla 0.1 unapata mita zaidi ya 130, na katika sentimita 20 mpindo huo haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Mwanafizikia Carl Anderson alipoipata positroni (elektroni yenye chaji chanya) mwaka 1932 alitumia tesla 1.5.

Wengine huuliza mbona graviti haionekani. Myuoni huvuka sentimita 20 kwa nanosekunde 0.7 hivi, katika muda huo inaanguka umbali ulio mdogo mamia ya mara kuliko upana wa protoni. Kinachochora uzi ni nguvu moja tu, ya sumakuumeme, ndiyo maana nyutrino na nyutroni, chembe zisizo na chaji, hazichori.

Nguvu mbili za nyuklia zinaonekana kwa matokeo yake. Sugua puto kwa sufu, litundike kwenye chumba cha chini ambacho hakijafunguliwa tangu jana, liache dakika 40. Chaji yake huvuta vizalia vya radoni (gesi ya kinururishi itokayo ardhini) vilivyo hewani. Litoe upepo, liweke ndani ya chemba. Alfa zitakazotoka ni vifurushi vya protoni 2 na nyutroni 2 vilivyoshikwa na nguvu kali, vikasukumwa nje na msukumano wa chaji. Elektroni zinazotoka kwenye vizalia viwili vya radoni, risasi-214 (metali) na bismuthi-214, ni kazi ya nguvu dhaifu. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomu kuoza, ni dakika 27 na 20, kwa hiyo andaa chemba kabla ya puto: baada ya saa tatu litakuwa puto la kawaida.