Siku moja maishani mwangu: nesi wa kambi ya watoto, Lushoto

Saa 11 alfajiri. "Shikamoo nesi, Hema la Nne wanatapika." Wako watatu. Baridi ya Usambara inauma. Nimebeba tochi, ndoo na daftari.

Saa 12:30. Wamefika saba, nimewahamishia chumba cha mikutano. Mkuu wa kambi anataka tusubiri kwanza tuone. Nimekataa: unawatenga kwanza, maswali baadaye. Kila mmoja nimemfinya ngozi ya tumbo; ikichelewa kurudi, mwili umeishiwa maji. Pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Akitapika tunangoja dakika 10, halafu tunaendelea kijiko kwa kijiko.

Saa 2. Nimepiga simu kwa watu wa afya wilayani. Kambi nyingi huiogopa simu hii. Swali lao la kwanza: choo kinafanana na maji yaliyooshea mchele? Hapana, lakini watakuja kuchukua sampuli, maana kipindupindu hakithibitishwi kwa macho.

Saa 4. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, vyoo na sakafu vinapigwa deki. Vitakasa mikono nimeviweka kando: kama ni norovirusi, virusi vya kutapika na kuhara, spiriti yake haivimalizi. Ni sabuni, na kibuyu chirizi, kidumu cha kunawia, kila mlango.

Saa 8 mchana. Nyuma ya choo nimemkuta mtoto wa miaka 9 anafukia matapishi yake kwa majani makavu ya mkaratusi, kwa mikono mitupu. Kesho wanapanda mlima. Alidhani nitamrudisha nyumbani. Nimechuchumaa nikamnawisha, nikamwambia hapa hafukuzwi mtu kwa kuugua. Ndipo akanitajia wenzake wawili waliojificha. Jana mlezi mmoja aliwatania watoto waliokwenda chooni mara kwa mara. Nimemwita pembeni, na sikumung'unya maneno. Mtoto akiona haya, ugonjwa unalala naye hemani.

Saa 11 jioni. Daftari limeanza kusema. Wali na maharage walikula watoto wote 84, kwa hiyo chakula sikishuku sana. Lakini wagonjwa wote 10 walikunywa maji kwenye ndoo ya uwanja wa mpira, kwa kikombe kimoja cha bluu kilichofungwa kamba. Nimeikata kamba. Kuanzia leo kila mtoto na kikombe chake, chenye jina.

Saa 3 usiku. Tangu saa 9 hakuna mgonjwa mpya. Wazazi wa wote 10 nimewapigia mwenyewe. Atakayeacha kutapika na kuhara atakaa kwenye chumba cha mikutano saa 48 zaidi. Yule wa miaka 9 amekojoa mara mbili. Nimeandika.