Sensa ya chumba cha mama

Mwaka wangu wa kwanza Leipzig nililaumiwa kwa sababu ya ukungu. Mwenye nyumba aliingia, akasogeza kabati, akaona madoa meusi kwenye kona ya ukuta, kisha akaniuliza nafungua madirisha mara ngapi kwa siku. Nikamjibu ukweli: sifungui kabisa. Nje ni nyuzi sifuri, mtu wa Old Moshi, mteremkoni Kilimanjaro, afungue dirisha kutafuta nini? Kesho yake akaniletea kijidude cheupe, kidogo kama kiberiti, chenye namba mbili usoni. Ya juu joto, ya chini unyevu. Ya chini ikipita 60, akasema, fungua madirisha yote dakika tano, halafu funga. Wajerumani hili kwao ni kama kupiga mswaki.

Nilidhani ni visirani vya uzee wake, mpaka nilipoelewa hesabu yenyewe. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikiwa na nyuzi sifuri haifikishi hata 5. Ndiyo maana chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 kinaonekana kikavu tu, lakini pale nyuma ya kabati, ukuta uliposhuka hadi nyuzi 12, maji yanaanza kutoka kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Na ile hewa ya nje niliyoikimbia, kwa kuwa ni ya baridi, ni kavu: ukiiingiza na kuipasha moto inafyonza unyevu wote. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa namba mbili.

Sasa niseme jambo lililonifanya nizibebe namba hizo mpaka nyumbani. Mimi ni kitindamimba. Kwa desturi yetu Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, pamoja na mama. Nyumba ya wazazi huwa yake, na kumtunza mama ni kazi yake. Mimi nipo Leipzig, mji ule ule walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Yaani nalipwa niwafunike blanketi mama za watu. Kila zamu naangalia chumba kisishuke chini ya nyuzi 18, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa nyumba wakati wa baridi. Siku moja nikiwa naandika 21 kwenye karatasi ya bibi mmoja, nikajiuliza: cha mama yangu ni ngapi? Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimemjengea nyumba, jamani. Matofali ya kuchoma, marumaru chini, dari la jipsamu, madirisha ya alumini, bati la rangi. Ilichukua miaka sita na mafundi watatu, na habari ya mafundi hao ina siku yake.

Basi Desemba, wakati Wachaga wote wa dunia wanapanda mlimani, nami nikapanda nikiwa na sensa tatu, vijidude kama kile cha mwenye nyumba, na kisanduku chake cha kunitumia namba kwenye simu. Mama aliposikia neno sensa akaniangalia kwa mashaka.

"Mbona walishatuhesabu mwaka 2022?"

"Hii si ya watu, mama. Inapima joto na unyevu wa chumba."

"Kwa hiyo ni kipima homa cha nyumba."

Jina likabaki hilo.

Kwa wenzangu mnaotaka kufanya hivi, sikilizeni, kuna mambo yatakayowapotezea siku nzima. Kabla sijaondoka Leipzig nilizijaribu zote kwa chumvi. Unaweka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, unaitonea maji kidogo tu iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote, unaifungia na sensa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, unaacha usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hukaa kwenye asilimia 75, iwe Leipzig au Kiboriloni. Mbili zangu zilisoma 75 na 74. Ya tatu ilisoma 70, nikaingia kwenye programu yake nikaiongezea 5. Bila hivyo ningekuwa natazama uongo wenye desimali.

Kisha waifai. Sensa zinaongea na kisanduku kwa Bluetooth, kisanduku kinaongea na ruta, ruta ina laini ya simu na bando ndani yake. Kisanduku cha aina hii kwa kawaida kinajua masafa ya gigahazi 2.4 peke yake. Ruta niliyonunua Moshi mjini ilikuwa inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, na simu yangu ilikuwa imeshika 5, kwa hiyo kisanduku kikawa kinatafuta kitu ambacho simu haikionyeshi. Tulihangaika nacho, mimi na mtoto wa kaka yangu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka mtori wa mchana. Kijana ndiye aliyepata: akaingia kwenye ruta, akatenganisha majina mawili, akaunganisha simu kwenye ile ya 2.4, na dakika mbili baadaye taa ikawa ya bluu. Anasoma kidato cha pili.

Sensa moja tukaiweka chumbani kwa mama, ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na dirisha na mahali jua linapogonga. Ya pili sebuleni. Ya tatu stoo ya mahindi, kwa sababu mahindi yaliyokauka vizuri yakikaa kwenye hewa inayozidi asilimia 70 kwa muda mrefu yanarudi kunywa maji, na kuvu wa sumukuvu hamsubiri mtu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo pale sikutaka mzaha.

Nilitaka pia niweke moja kule kwenye jiko la zamani, kile kijumba cha mbao na udongo tulimozaliwa, kilichobaki nyuma ya migomba. Ishara haikufika. Mgomba ni pipa la maji lililosimama, na maji ndiyo adui mkubwa wa Bluetooth. Nikasema basi, nani analala jikoni?

Nikaondoka tarehe 7 Januari.

Miezi ile ya jua sikufuatilia sana. Nilifungua programu nikiwa kwenye tramu, nikaona 24, nikaona 25, nikafurahi, nikafunga. Masika yakaja, sebule ikapanda mpaka asilimia 85, nikapiga simu kuwasihi wafungue madirisha mvua ikikatika. Nimekuwa kama yule mwenye nyumba wangu, nikajicheka. Umeme ulipokatika siku mbili, grafu ikawa na pengo, kisha uliporudi pengo likajazwa lenyewe: sensa zinatumia betri na huhifadhi vipimo mpaka kisanduku kiamke.

Juni ndipo simu ilipolia nikiwa zamuni. Nilikuwa nimeiwekea kengele ya nyuzi 18. Chumba cha mama kilikuwa 17. Wiki iliyofuata 16. Julai ilipoingia, na ninyi mnaijua Julai ya mlimani, wingu limelala juu ya migomba tangu asubuhi hadi jioni, alfajiri ikasoma 14.

"Shikamoo mama. Chumbani kwako kuna baridi."

"Marahaba baba. Hakuna baridi."

"Kipimo kinasema 14."

"Basi kipimo ndicho kinachosikia baridi. Mimi nimelala vizuri."

Nikatuma hela ya hita. Akashukuru sana, akaniombea. Grafu haikutikisika hata kidogo. Nikawaza luku, umeme wa kulipia kabla, imeisha, nikatuma ya luku. Bado.

Usiku mmoja nilikaa na simu nikaanza kulinganisha mistari, kitu ambacho nilipaswa kukifanya mapema. Mtu aliyelala si kitu kidogo ndani ya chumba kilichofungwa. Mwili wake unatoa joto linalokaribia la balbu ya kizamani ya wati 75, na pumzi na ngozi yake vinamwaga mvuke gramu kwa gramu hadi kunakucha. Desemba mstari wa unyevu wa chumba cha mama ulikuwa unasimulia usiku mzima: unaanza kupanda saa tatu usiku (programu inaandika 21:00, lakini mama yangu hajawahi kulala saa ishirini na moja), unapanda taratibu, halafu saa kumi na mbili asubuhi unaanguka ghafla. Hapo mama amefungua dirisha. Sasa Julai hapakuwa na kilima wala mwanguko. Joto lilikuwa linashuka tu mpaka alfajiri, kisha linapanda kivivu. Nikauweka mstari wa stoo juu yake. Ilikwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa plau. Chumba cha mama kilikuwa kinapumua kama gunia la mahindi.

Nikarudisha grafu nyuma, Juni, Mei, Aprili, Machi. Kilima cha mwisho kilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari.

Kwenye sensa ile ya serikali, swali kubwa huwa ni nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Yangu ilikuwa inajibu swali hilo hilo kila siku kwa miezi sita, na mimi sikusoma jibu.

Nyie mlioko huku mnajua nilichofikiria. Nyumbani hawamwambii mtu wa ughaibuni kwamba mzazi amelazwa. Wanasubiri apone, au wanasubiri kingine. Nikampigia dada yangu wa mjini. Akasema mama hajambo. Nikauliza analala wapi. Akanyamaza kidogo kuliko kawaida, akasema, "Muulize mwenyewe."

Nilimpigia mama saa nne usiku ya kwao. Kabla hajasema neno nikasikia kuni zinatatarika, na nyuma yake mbuzi akapiga chafya.

"Mama, uko jikoni."

"Niko jikoni."

"Tangu Januari?"

Akacheka. Hakukana. Akaniambia marumaru zinamuuma miguu, dari liko mbali mno, moto wa mtu mmoja hauwezi kulifikia. Hita waliifungua, ikala luku ya wiki kwa siku mbili, ikarudi kwenye boksi lake. (Hita ya kilowati mbili inakula uniti mbili kwa saa. Alichosema ni hesabu sahihi.) Kila asubuhi huenda kufungua madirisha ya nyumba kubwa na kufagia, jioni anayafunga.

"Nyumba yako ni nzuri sana, baba. Ni ya Desemba. Hii ni ya mvua."

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Kumbe kile kipima homa kinasema mtu kalala wapi?"

Nikamweleza kuhusu pumzi na mvuke. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mtoto hamchungulii mama yake akiwa amelala."

Niliomba radhi. Sikuwa na utetezi, kwa sababu nilipokuwa nazipachika zile sensa nilimwambia zinapima nini, sikumwambia zinaweza kuonyesha nini. Mwenyewe sikujua, lakini hilo si jibu la kumpa mama. Wewe unayefikiria kuweka, mwambie mwenye chumba kwanza, tena umwambie na hili.

Jambo moja sikulilegeza. Sensa hizi zinajua joto na unyevu, basi. Moshi hazioni, na ile hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala haipandishi namba yoyote kati ya hizo mbili. Nikamwomba, kwa kubembeleza si kwa kuamuru, fundi atoboe matundu mawili chini ya paa na mlango uachwe wazi kidogo makaa yakiwa bado mekundu. Alikubali matundu. Kuhusu mlango alisema mbuzi watatoka. Tukaelewana ubao wa kuzuia mbuzi.

Wiki tatu zilizopita nikiwa kazini, simu ikalia kengele ambayo sikumbuki hata kuiweka, ya joto la juu. Chumba cha mama: nyuzi 36, unyevu 29. Usiku. Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi, nikajua nyumba inaungua. Nikampigia mtoto wa kaka, akapokea akiwa anatafuna.

"Hamna moto, baba mdogo. Bibi kaniambia nihamishie kisanduku dirisha la nyuma, ndiyo ishara ikafika. Sensa ameitundika darini juu ya mafiga, pale kwenye mahindi ya mbegu."

"Kwa nini?"

Nikasikia anauliza, na sauti ya mama kwa mbali ikijibu.

"Anasema na wewe uote moto."

Masizi yataziba kale katundu ka sensa kabla Desemba haijafika, hilo nalijua. Leo asubuhi, Leipzig ikiwa na nyuzi 9 na manyunyu, ilisoma 33. Sijamwambia aitoe.