Machozi ya Meja Nino

Siku hizi naangalia sana kazi za Chris Marker, yule Mfaransa wa filamu aliyefariki 2012, na kama na wewe unashuti harusi na mikutano ya siasa hapa Chuga, yaani Arusha, nakuonya mapema, ukishamuona huediti tena kwa amani.

Kuna kipande kwenye filamu yake Sans Soleil ya 1983 kinanisumbua mpaka leo. Ni Guinea-Bissau, mwanzoni mwa 1980, Rais Luís Cabral anamvisha nishani Meja Nino na jamaa analia. Ukiangalia hivi hivi unasema ni furaha, watu wamepigania uhuru msituni pamoja, lazima machozi yatoke. Alafu msimulizi, dada mmoja anasoma barua tu kwa sauti ya upole, anakusogeza mbele: Novemba mwaka huo huo Nino akampindua Cabral! Anakwambia yale yalikuwa machozi ya mtu aliyeona hajapandishwa juu ya wenzake inavyotakiwa. Na picha ni ile ile, hakuna fremu iliyoguswa.

Mzee Marker alianza uhuni huu zamani. Mwaka 1957 alichukua klipu moja ya mtaa wa Yakutsk huko Siberia, basi linapita, mafundi wanatengeneza barabara, akairudia na maelezo matatu, moja linasifia Ukomunisti, moja linauponda, la tatu linajifanya halina upande. Mimi hilo la tatu ndo siliamini kabisa.

Basi nikajaribu na klipu yangu ya kiplefti cha Mnara wa Azimio, vifodi, bodaboda, mama kajitwisha ndizi. Sauti ya kwanza nikasema nchi inasonga mbele, ya pili nikasema Azimio la Arusha la 1967, lile la ujamaa, tumelizika hapa hapa chini ya mnara wake. Zote zimekaa vizuri aisee, na shemeji niliyemuonyesha akatingisha kichwa kukubali zote mbili, sasa fikiria mimi ndo narekodi kampeni za watu.

Juzi mteja kaja anataka nimtoe mpambe wake kwenye video ya harusi, wamedhulumiana kwenye biashara ya mawe ya vito. Tukaiangalia pamoja, pale wanapokumbatiana, akaniambia si unaona anavyocheki pembeni, alikuwa ameshapanga. Mimi siku ile niliona jamaa anatafuta keki ilipo. Nimemwambia kumkata namkata, ila faili zima nabaki nalo.