Makato ya Mama na pesa za mchezo

Kila mwezi, Jumatano ya tatu, pesa za Mama za Social Security, yaani pensheni ya serikali ya Marekani, huingia benki, na kila Jumatano hiyo alikuwa akinipigia na swali lile lile: "Mbona zimepungua?" Barua inasema dola 1,243, benki zinaonekana 1,058. Namwambia ni makato ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, Sehemu B, ile inayolipia daktari na vipimo bila kulazwa. Ananiguna. Mwaka 2025 makato hayo yalikuwa dola 185 kwa mwezi. Mimi nami nilishayazoea, sikuwahi hata kuuliza kama yana njia.

Mama ana miaka 73. Alikuja hapa Ohio mwaka 2007 akitokea Tanga, akafua mashuka hotelini, kisha akaingia jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee hadi magoti yalipogoma. Anaishi peke yake kwenye fleti za wazee, dakika kumi kutoka kwangu. Alishatimiza robo 40 za kukatwa kodi kwenye mshahara, yaani miaka kumi ya kazi, kwa hiyo Sehemu A, ya kulazwa, haimgharimu senti. Asiyetimiza anaweza kudaiwa hadi dola 518 kwa mwezi kwa Sehemu A peke yake, kwa viwango vya mwaka 2025. Nawajua wazee wa kwetu walioletwa na watoto wao uzeeni, wakaiona hesabu hiyo wakarudisha karatasi mezani.

Kilichonizindua ni chupa ya dawa. Jumapili moja nampangia vidonge, nikaona chupa ya presha ya siku 30 imechukuliwa wiki sita nyuma na bado ina vidonge tisa. Nikapiga hesabu: anameza leo, kesho anaruka.

"Mama, hizi mbona hazijaisha?"

"Mwanangu, presha yenyewe mbona imetulia."

Haikuwa imetulia. Alikuwa anabana matumizi.

Wiki ile ile, kwenye shughuli ya arusi, dada mmoja Mkenya anayefanya kazi ya kutunza wagonjwa akaniuliza, "Kwani hamjamuombea ule mpango wa jimbo kulipa Sehemu B?" Nikabaki namtazama. Mama yuko kwenye Medicare tangu 2017. Miaka minane!

Mpango wenyewe unaitwa Medicare Savings Program, na nadhani jina ndilo linalowapoteza watu, maana unalisikia unafikiri ni akaunti ya kuweka akiba. Ni jimbo kulipa gharama zako za Medicare kupitia ofisi za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hata kama hustahili Medicaid kamili. Una ngazi. Ya chini kabisa, QMB, mwaka 2025 ilikuwa ya mtu mmoja mwenye kipato kisichozidi dola 1,325 kwa mwezi; inalipa Sehemu B, na pia ile asilimia 20 anayobakiziwa mgonjwa kwa daktari. Juu yake kuna SLMB, mwisho dola 1,585, kisha QI, mwisho 1,781; hizi mbili zinalipa Sehemu B tu. Wanaangalia kipato kabla ya makato, siyo kile unachokiona benki. Na akiba, kwa mwaka huo, isizidi dola 9,660. Makazi yako na gari moja havihesabiwi, na dola 1,500 ulizozitenga kwa mazishi nazo wanaziacha. Majimbo mengine yamelegeza zaidi, Ohio inafuata viwango hivi.

Mama hakutaka. Kwanza hakutaka kuonekana ombaomba, "nimefanya kazi kwa mikono yangu". Pili aliogopa kwamba akifa watanidai mimi. Hili la pili lina chanzo, kwa sababu Medicaid ya kulipia nyumba za wazee hudai kweli kwenye mali ya marehemu. Lakini kwa huu mpango wa kulipia Medicare, tangu mwaka 2010 hawaruhusiwi kudai. Nilimsomea mara mbili. Akasema haya, leta hizo karatasi.

Karatasi zake zote anaziweka kwenye mfuko wa mchele wa basmati, ule wenye zipu. Humo nilikuta barua ya Social Security, kadi ya Medicare, cheti cha uraia, risiti za mwaka 2011 za jokofu ambalo halipo tena. Nikajaza fomu, nikaambatanisha na ile ya kuniteua mimi niwe mwakilishi wake.

Ofisi ilipopiga simu kumhoji, tuliomba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki, na hulipi. Akaja kwenye laini kaka mmoja Mkongo, mpole kweli. Mama alitegemea shikamoo, akapata "Jambo mama." Nikaona uso umekunjamana. Kisha kaka akauliza, "Mama, uko na franga ngapi ku banki?"

Mama akanigeukia: "Franga ndiyo nini?"

"Pesa, Mama."

Basi akajinyoosha kwenye kiti, akajibu kwa sauti ya mtu asiye na njaa: "Elfu kumi na moja, mia tatu na kumi."

Nikafumba macho. Mama ni kijumbe wa mchezo. Wamama kumi, dola 500 kila mmoja, na wiki ile zote zilikuwa zimeshaingia kwake zikimsubiri mwenye zamu. Za Mama mwenyewe zilikuwa 6,310. Nilijaribu kudakia kueleza, lakini mchezo ukishapita kwa mkalimani mmoja na karani mmoja unatoka upande wa pili kama kamari. Baada ya wiki tatu barua ikaja: amekataliwa, akiba imezidi.

Hapo ndipo nilipowajua washauri wa SHIP, mpango wa kuwashauri watu mambo ya Medicare. Kila jimbo wanao, ni wa bure, na hawauzi bima ya mtu. Tulikaa na mama mmoja wa makamo maktaba ya mtaani, akaelewa mchezo kwa dakika mbili kwa sababu, alisema, Wasomali wameshamfundisha. Akatuambia pesa unayomshikia mwenzio si mali yako, ila karatasi ndiyo iseme. Taarifa ya benki ilikuwa inasema yenyewe: majina kumi yakiingiza 500, siku nne baadaye 5,000 zikitoka kwa mtu mmoja. Tukaongeza barua waliyosaini wamama wote. Tungeweza kukata rufaa, lakini alishauri tuombe upya, na safari hii Mama asiwe na senti ya mtu kwenye akaunti.

Kumvua Mama ukijumbe ilikuwa kazi kuliko fomu zote za serikali. Alikubali kwa masharti: daftari libaki kwake.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Juni: QMB, kuanzia tarehe 1 Julai. Makato yaliendelea miezi miwili bado, nikaanza kupaniki, mshauri akasema ni kawaida, mifumo ya jimbo na Social Security huchelewa kusalimiana. Septemba zikaingia 1,243 kamili, na dola 370 za marejesho zikaja peke yake. Kingine ambacho hatukukiomba kabisa: ukiingia mpango huu unapewa moja kwa moja ule msaada wa dawa, Extra Help. Mwaka 2025 dawa zisizo na jina la kampuni hazikuzidi dola 4.90. Chupa ya presha sasa inaisha kwa wakati wake, nimeihesabu.

Kliniki moja ya macho ilituma bili ya dola 64, ile asilimia 20. Mwenye QMB haruhusiwi kutumiwa bili hiyo. Nilipiga simu, nikasoma barua ya jimbo neno kwa neno, wakaifuta. Usilipe kwa woga tu kwa kuwa bahasha ina dirisha.

Mama, ambaye hakutaka kuonekana ombaomba, ametangaza kwa mchezo mzima. Sasa mezani kwangu kuna mifuko mitatu ya basmati. Bi mkubwa mmoja ana dola 1,640 kwa mwezi, nimempeleka QI, ambayo fungu lake la mwaka likiisha wanafunga mlango, ila ukiwahi wanaweza kukurudishia hadi miezi mitatu ya nyuma. Taarifa yake ya benki ina kurasa nne, ameniletea tatu. Wa nne ulikuwa mtupu, akautupa. Ofisi inautaka hata huo mtupu. Kesho asubuhi tunakwenda benki.