Daftari la mwendokasi: swali la 19 kati ya 30

Jumamosi. Nilijiwekea kutunga maswali 30 ya hesabu za mwendo kabla binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, hajarudi shule. Nimefika la 19, natweta. Masharti hayajabadilika: kila swali litokee kwenye njia zetu, na lisidai zaidi ya x moja. (Jina la daftari nalo lina kazi yake. Ukitaja mwendokasi hapa Dar, mtu anawaza basi la haraka la Kimara, si kasi ya kwenye hesabu.)

Swali la 14 limekula jioni mbili. Lori linatoka Dar saa 12:00 asubuhi kwenda Morogoro, kilomita 50 kwa saa. Basi linalifuata saa 1:00, kilomita 75 kwa saa. Litalipata saa ngapi, na wapi?

Mpwa wangu akachukua 12, akatoa 1: lori limetangulia kwa saa 11. Mara 50, kilomita 550.

"Mjomba, mbona lori limeshaipita Dodoma na basi halijatoka stendi?"

Nilicheka, ila kosa ni langu. Niliandika saa kama tunavyozitamka, nikasahau kumwambia kwamba kwenye hesabu saa 12 asubuhi ni sifuri. Saa 1 maana yake imepita saa moja tangu hapo. Tukafuta ukurasa mzima. Safari hii x ikawa saa yenyewe tunayoitamka. Lori limekwenda 50x. Basi lilichelewa kutoka, kwa hiyo 75(x − 1). Likilipata, umbali wao ni mmoja:

50x = 75(x − 1)
50x = 75x − 75
75 = 25x
x = 3

Saa 3:00 asubuhi, kilomita 150 kutoka Dar, Chalinze ipo nyuma na Morogoro bado. Jibu limetoka likiwa tayari saa ya kumtajia abiria. Anayehesabu kwa saa za Kizungu angebaki na 6 ya kujumlisha mwishoni.

La 16 ni dakika tu: saa moja na dakika 20 si 1.2, ni 4/3. Nimeliweka, nikapita.

La 17 alilibishia. Kwenda kilomita 60 kwa saa, kurudi njia ile ile 40, wastani? Akasema 50, kisha akalalamika umbali haukutolewa. Nikamwambia auite d. Muda wote: d/60 + d/40 = d/24. Njia nzima ni 2d, ukigawa unapata 48. Alikaa anaitafuta ile d ilikopotelea. Mwendo wa 40 unakula muda mwingi zaidi, ndiyo maana wastani unaegemea huko.

La 20 ni mtumbwi Rufiji: kilomita 12, kushuka saa 2, kupanda saa 3. Mwanzo lilionekana kudai herufi mbili, moja ya mtumbwi na moja ya maji. Lakini x moja inatosha, ikiwa kasi ya maji: mtumbwi ni 6 − x, na pia ni 4 + x. Kesho.