Nyekundu ya Qin Qiong imekaa. Kijani cha Yuchi Gong bado kinanitesa

Hatimaye! Nyekundu imekaa ndani ya mstari wake, kulia na kushoto, karatasi baada ya karatasi, na joho la Qin Qiong halimwagiki tena kwenye ndevu zake. Mnaofuatilia kumbukumbu hizi mnajua nimeilalamikia rangi hii tangu nilipomaliza kuchonga kibao cha mistari, kwa hiyo leo mnivumilie nijisifu kidogo.

Kwa mgeni: nachonga vibao vya mbao vya kuchapia picha za karatasi za jozi ya miungu walinzi wa mlango, kibao kimoja cha mistari myeusi na vingine vya rangi, kwa mtindo wa Zhuxianzhen, mji mdogo wa kusini ya Kaifeng, mkoani Henan. Ni Qin Qiong na Yuchi Gong, majemadari wa Taizong, mfalme wa nasaba ya Tang aliyetawala kuanzia 626 hadi 649. Inasimuliwa kwamba mapepo yalimnyima mfalme usingizi, majemadari hao wakakesha mlangoni na silaha zao, naye akalala fofofo. Akawaonea huruma, maana hawawezi kukesha maisha, akaamuru wachorwe na picha zao zikeshe badala yao. Mpaka leo watu hubandika picha mpya kila Mwaka Mpya wa Kichina, mmoja kila upande wa mlango, wakitazamana. Mimi nimechagua wale waliosimama kwa miguu. Wapo pia wa kupanda farasi, ila farasi ana miguu minne na wote wawili wanataka farasi wao. Sina subira hiyo.

Sasa tatizo lenyewe. Mianzhu, kule Sichuan, wanachapa mistari kisha wanapaka rangi kwa mkono. Yangliuqing, karibu na Tianjin, nao humalizia nyuso kwa brashi. Mkono ukipita mwisho, kosa dogo la kibao linafichika. Zhuxianzhen kila rangi ina kibao chake na hakuna anayekuja nyuma kurekebisha. Kibao cha nyekundu kikikosea, kimekosea mbele ya kila apitaye mlangoni.

Na kilikuwa kinakosea kwa namna ya ajabu. Katikati, kwenye mshipi, nyekundu ilikaa sawasawa. Juu kwenye kofia, sawa. Chini kwenye viatu, sawa. Lakini bega la kushoto rangi ilitoka nje kwa kushoto, na bega la kulia ikatoka nje kwa kulia. Kibao kingekuwa kimeteleza mezani, rangi yote ingehama upande mmoja. Hii ilikuwa inanenepa. Tena karatasi za kwanza zilitoka safi, na kadiri kazi ilivyoendelea ndivyo jemadari alivyozidi kutanuka.

Nilishuku karatasi kwanza. Karatasi yenye unyevu ikikauka husinyaa, na mistari iliyokwisha kuchapwa husinyaa nayo, kwa hiyo rangi inayofuata inaonekana pana kuliko mistari. Nikapima kwa rula umbali wa bega hadi bega kwenye karatasi za mwanzo na za mwisho. Ni ule ule. Nikapima kibao cha nyekundu kabla ya kazi na baada ya kazi. Kimeongezeka karibu milimita moja.

Mbao hizi ni za mpea, ngumu, nyuzi zake laini, na ndizo mafundi wa huku wanazozipenda. Ila mbao ni mbao. Ikinywa maji hutanuka kukata nyuzi, lakini kwa urefu wa nyuzi haitikisiki. Nyuzi zangu zinakwenda juu na chini, ndiyo maana kofia na viatu havikuwa na neno. Kwa ubao wa sentimita 25 uliopasuliwa bapa, unyevu ukipanda kwa asilimia moja tu, milimita hiyo unaipata. Kibao cha mistari hakisumbui sana kwa kuwa mistari inachukua sehemu ndogo tu ya ubao na wino unaopakwa ni kidogo. Cha nyekundu ni joho zima, kinakunywa rangi ya maji asubuhi hadi jioni.

Nilikilowesha kabla ya kazi ili kishibe mapema. Kikashiba, halafu kikaanza kukauka pembeni na kujikunja. Nikakipaka mafuta mgongoni, hakuna tofauti. Plaiwudi haitanuki, sawa, lakini tabaka zake zinachanika ukipitisha kisu kwenye kona kali, na rangi inakaa juu yake kwa mabaka. Kuna aliyeniuliza kwa nini nisitumie mpichi, kwa sababu kabla ya majemadari hawa walinzi walikuwa ndugu wawili, Shenshu na Yulü, waliokaa chini ya mti mkubwa wa mpichi wakikamata mapepo mabaya, wakiyafunga kwa kamba za matete na kuwalisha chui milia, na watu wakatundika vibao vya mpichi milangoni. Wazo zuri kwa ibada. Kwa seremala, hupati ubao wa mpichi wenye upana huu, na ukiupata nao utatanuka vile vile.

Suluhisho limetoka Nanjing ya karne ya 17. Hu Zhengyan alichapa picha za rangi kwa vibao vidogo vidogo, kila doa la rangi na kipande chake, vikipangwa mezani. Nilikuwa nalijua hilo siku zote kama historia. Juzi nikalitazama kama dawa: kipande kidogo kinatanuka kidogo, na kila kipande unakisogeza peke yake.

Nikachukua msumeno wa meno madogo nikapasua kibao cha nyekundu vipande viwili, kutoka kofia hadi pindo. Nimepita kwenye ukanda wa manjano unaoning'inia kutoka kwenye mshipi, mahali ambapo nyekundu haichapwi, kwa hiyo alama ya msumeno haionekani kabisa. Kila nusu nimeigandisha mezani kwa nta laini. Ikianza kunenepa, naisukuma kwa kidole gumba kuelekea katikati, unene wa kucha tu, naendelea. Kinachobaki kinamezwa na mstari mweusi, maana mistari ya Zhuxianzhen ni minene.

Hapo niseme la vifaa, maana najua mtauliza. Mtandaoni kila mtu anahubiri pembe za Kijapani, zile unazochonga kwenye kibao chenyewe ili karatasi ikae palepale kila mara. Nzuri, lakini pembe imo ndani ya mbao, na mbao ikitanuka pembe inakwenda nayo. Meza ya Kichina hubana rundo zima la karatasi kwa jiriwa upande mmoja, kibao kinakaa upande wa pili, unafunua karatasi moja moja kuja juu ya kibao, unasugua, unaiachia ining'inie kwenye mwanya. Karatasi haihami, kibao ndicho kinachorekebishwa. Bila meza hii dawa yangu isingefanya kazi. Kisu cha kushika kwa ngumi nacho sikiachi tena. Seti ya patasi niliyonunua mwanzo ilivua mipini yote. Na mnaochonga kwa leza, chongeni, ila mstari wake umekufa. Rungu la Yuchi Gong lina vifundo kama muwa, na kila kifundo kinataka mkono uliosita kidogo.

Mpango ulikuwa sasa nianze Zhong Kui, mkamata mapepo wa hadithi aliyenyimwa cheo kwa ubaya wa sura yake. Ndiye wa milango ya upande mmoja, na mlango wa nyumba yangu ghorofani ni wa chuma, upande mmoja, jozi yangu haina pa kutazamana. Mchoro wake nimekwisha kuubandika kwenye ubao. Lakini tangu nipasue kile kibao namfikiria Zao Jun, mungu wa jikoni. Picha yake ina kalenda ya mwaka juu ya kichwa. Kila mwaka, tarehe 23 ya mwezi wa 12 kwa watu wa kaskazini, anapakwa peremende ya kunata mdomoni, picha inachomwa, naye anapanda kwa Mfalme wa Jade, mkuu wa mbinguni, kuripoti tabia za nyumba. Mwaka unaofuata anabandikwa mpya. Kwa nini nichonge mungu mzima kila mwaka wakati kinachobadilika ni kalenda? Kichwa cha kibao kitakuwa cha kuchomoa. Zhong Kui atasubiri, kazoea kukataliwa.

Ila kwanza kijani. Kwa Yuchi Gong kijani kiko kwenye mikono yote miwili ya joho, pembeni kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Kupasua kati ni rahisi. Shida ni mkono wa kulia: unapita nyuma ya rungu kisha unaungana na kifua bila nafasi tupu hata ya ulimi wa msumeno. Nikipitia kwenye rungu nitaacha mwanya kwenye kiwiko, nikipitia kifuani utaonekana zaidi. Mbao za mpea zilizobaki ni za jaribio moja. Mwenye wazo la pa kupitisha msumeno aniambie kabla ya Jumamosi.